Kipimo cha Mto Mara Kikikosea, Nani Atajua?

Mkulima yeyote wa Tarime au Serengeti anaijua hadithi ya mizani. Umepima mahindi yako nyumbani, gunia limetoka kilo 100. Unalifikisha kwa mnunuzi, mizani yake inasema 94. Kilo sita zimekwenda wapi? Huwezi kujibu kwa kuitazama mizani tu, kwa sababu mizani nzima na mizani mbovu zote zinatoa namba, na namba hizo hazina tofauti machoni. Njia ni moja: weka juu yake jiwe la mizani ambalo uzito wake unajulikana. Jiwe la kilo 20 likisoma kilo 19 kasoro, jibu umelipata. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo huhakiki mizani za biashara kila mwaka na kubandika stika.

Sasa fikiria mizani ambayo haipimi gunia, bali inapima mto mzima. Haisomwi na mtu kila mara, inajiandikia yenyewe usiku na mchana. Ikikosea, hakuna mnunuzi wala muuzaji atakayelalamika siku hiyo. Makosa yanaandikwa tu, kimya kimya, mwaka hadi mwaka. Makala hii inaeleza vifaa hivyo vinavyofanya kazi, vinavyokosea, na jinsi vinavyorudishwa kwenye ukweli.

Mto unaopimwa

Mto Mara unaanzia kwenye misitu ya Mau nchini Kenya, ambako mito ya Nyangores na Amala inaanzia kabla ya kukutana chini zaidi. Unapita Maasai Mara, unaingia Tanzania kupitia Hifadhi ya Serengeti, kisha unateremka ukiwa katikati ya Tarime upande wa kaskazini na Serengeti upande wa kusini. Baada ya hapo unatawanyika kwenye ardhioevu kubwa, unapita chini ya daraja la Kirumi, na kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Urefu wake wote ni kama kilomita 395.

Karibu na Nyamongo kuna kituo cha kupimia maji kinachojulikana kama Mara Mine. Kwa upande wa Tanzania, hiki ni kituo muhimu sana, kwa sababu maji karibu yote yaliyotoka Kenya na hifadhini lazima yapite hapo kabla ya kufika kwenye ardhioevu. Anayetaka kujua mto una maji kiasi gani, anaanzia hapo.

Kwa nini tujue? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka mahitaji ya msingi ya watu na ya mazingira yatengwe kwanza, ndipo maji yanayobaki yagawiwe kwa vibali kwa wenye mashamba ya umwagiliaji, migodi na wengine. Kazi hiyo ni ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Lakini huwezi kutenga wala kugawa kitu usichojua wingi wake. Tena mto huu ni wa nchi mbili, na kila tarehe 15 Septemba Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara. Nchi mbili zikikaa kuzungumzia maji, zitazungumza kwa namba. Upande wenye namba zisizoaminika hauna la kushika.

Kinasa data ni nini?

Zamani kazi yote ilifanywa kwa ubao wa vipimo uliosimamishwa mtoni, wenye alama za sentimita kama rula. Wengi huuita geji. Mtu anayeishi jirani, msoma geji, hufika asubuhi na jioni, anatazama maji yamefika alama gani, anaandika kwenye daftari. Njia hii bado inatumika. Tatizo ni kwamba mafuriko ya usiku hayamsubiri msoma geji, na kingo za Mto Mara zina viboko na mamba.

Kinasa data kilikuja kuziba pengo hilo. Ni kifaa kidogo, mara nyingi cha ukubwa wa tochi ya mkono, kinachofungwa ndani ya bomba na kuzamishwa majini. Ndani yake kuna kihisio, saa, betri na kumbukumbu. Kila baada ya muda kilichopangiwa, tuseme dakika 15, kinapima na kuandika. Baada ya miezi mtaalamu anakuja na kompyuta, anahamisha namba zote.

Kifaa hiki hakioni maji. Kinahisi uzito wake, yaani mgandamizo. Maji yakipanda juu yake, uzito unaongezeka, yakishuka, unapungua. Kila sentimita moja ya maji inaongeza mgandamizo wa karibu hektopaskali 1. Kifaa kinageuza uzito huo kuwa kina cha maji. Hapo ndipo makosa yanapoanzia, na yako ya aina nne.

Kosa la kwanza: hewa nayo ina uzito

Juu ya maji kuna hewa, na hewa inayakandamiza maji. Kinasa data kilicho chini kinahisi vyote viwili kwa pamoja, na hakijui ni kiasi gani cha maji na kiasi gani cha hewa. Kwa sababu hiyo, kinawekwa kifaa cha pili nchi kavu, kinachopima hewa peke yake. Mtaalamu anatoa cha hewa kwenye cha jumla, kinachobaki ni maji.

Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta, mgandamizo wa hewa hupanda katikati ya asubuhi na kushuka alasiri, kila siku, kwa kiasi cha hektopaskali 3 au 4. Usipoutoa, takwimu zitaonyesha mto unapanda na kushuka sentimita 3 au 4 kila siku, hata wakati wa kiangazi ambapo mto umetulia kabisa.

Mahali pa kukiweka kifaa cha hewa napo ni suala. Katika miinuko yetu, ukipanda mita 100 hewa inapungua uzito kwa karibu hektopaskali 10, sawa na sentimita 10 za maji. Mtu akitumia kifaa cha hewa kilicho mlimani, mita 300 juu ya mto, bila kurekebisha, atakuwa ameukosea mto kwa karibu sentimita 30.

Kosa la pili: kihisio kinachoka

Spring ya mizani ikitumika muda mrefu hulegea. Kihisio nacho kinahama kidogo kidogo. Leo kimezidisha nusu sentimita, mwakani sentimita moja na nusu. Huwezi kuliona kosa hilo kwenye takwimu zenyewe, kwa sababu halina mruko. Linafanana kabisa na mto unaoongezeka maji taratibu. Mtu anaweza kuandika ripoti kwamba Mto Mara unapona, kumbe ni kifaa kinachozeeka.

Kosa la tatu: kifaa kimehama

Gogo lililobebwa na mafuriko limegonga bomba. Kiboko amelisukuma. Tope limejaa ndani. Mtu amekata waya akidhani ni chuma chakavu. Au mtaalamu mwenyewe, baada ya kuhamisha takwimu, amekirudisha kifaa bila kukifikisha pale kilipokuwa. Kifaa kikikaa sentimita 8 juu ya mahali pake pa awali, kuanzia siku hiyo mto wote utaonekana umepungua sentimita 8.

Kosa la nne: saa

Hili ni letu hasa sisi tunaosema Kiswahili. Msoma geji anafika saa 3 asubuhi, anaandika "3". Ofisini mtu anaingiza kwenye kompyuta saa 03:00, yaani saa 9 usiku. Tayari kuna kosa la saa 6. Kinasa data nacho huenda kiliwekewa saa ya dunia ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Ukilinganisha vitabu hivyo viwili bila kujua, utaona mafuriko yamefika kabla mvua haijanyesha, au utadhani kifaa ni kibovu kumbe kizima.

Dawa yake ni ndogo. Kwenye kila daftari na kila kifaa iandikwe wazi ni saa gani inatumika: "saa 3 asubuhi (09:00)". Neno "asubuhi" peke yake limeokoa takwimu nyingi.

Kuhakiki kunafanyikaje?

Kurudisha kifaa kwenye ukweli kunaitwa kuhakiki au kusawazisha kipimo. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, hutumia neno ugezi. Jina lolote ulitumie, maana ni ileile ya jiwe la mizani: unakilinganisha kifaa na kitu ambacho thamani yake inajulikana, unaandika tofauti, kisha unarekebisha.

Kabla ya kupelekwa mtoni, kinasa data hujaribiwa kwenye chombo chenye maji marefu, kwa mfano bomba lililosimamishwa na kujazwa maji. Kinashushwa nusu mita, kinasomwa. Mita moja, kinasomwa. Mita moja na nusu, kinasomwa. Kisha kinapandishwa kwa hatua zilezile. Kipimo kimoja hakitoshi. Kuna kifaa kinachosema kweli kwenye kina kifupi na kukosea kwenye kina kirefu.

Mtoni, kila ziara ina kazi zake. Mtaalamu akifika, kwanza anasoma geji kwa macho na kuandika saa. Anasoma kinasa data palepale kabla hajakigusa. Anaandika tofauti. Anakitoa, anakisafisha tope, anaangalia betri na saa. Anakiacha hewani dakika kadhaa pembeni ya kile cha hewa: nje ya maji, viwili hivyo vinapaswa kusema kitu kimoja. Kisha anakirudisha na kusoma tena vyote viwili.

Lakini geji nayo ikiwa imeinama au imezama? Ndiyo maana kituo kizuri kina alama ya kudumu iliyochimbiwa kwenye saruji au mwamba, mbali na mkondo. Wapimaji hutumia darubini ya kupimia ardhi kuhakikisha geji bado iko kwenye kimo chake kulingana na alama ile. Kinasa data kinahakikiwa na geji, geji inahakikiwa na alama ya kudumu. Mnyororo huo ukikatika sehemu moja, kila kinachofuata kinaning'inia hewani.

Jambo moja la mwisho hapa: makosa ya zamani hayafutwi. Mtaalamu makini hatoi namba za awali na kuweka mpya. Anaacha zile za awali, anaandika pembeni marekebisho, tarehe na sababu. Namba iliyorekebishwa bila maelezo haina tofauti na namba ya kubuni.

Sentimita tano ni nini kwa mto?

Huenda unajiuliza kelele zote hizi za sentimita za nini. Tupige hesabu ya mfano. Mto una upana wa mita 40, kina cha mita 1, na maji yanakwenda nusu mita kwa sekunde. Zidisha: mita za ujazo 20 kwa sekunde. Sasa kifaa kikosee kwa sentimita 5 tu, kiseme kina ni mita 1.05. Umeongeza mita ya ujazo 1 kwa sekunde ambayo haipo. Hiyo ni lita 1,000 kila sekunde. Kwa siku nzima ni lita 86,400,000, sawa na ndoo 4,320,000 za lita 20.

Mtu akipewa kibali cha maji hayo yasiyokuwepo, atayachota kutoka kwenye maji yaliyopo: ya mifugo, ya samaki, na ya kijiji kilicho chini yake. Na wakati wa kiangazi, mto ukiwa mdogo, sentimita hizohizo tano ni sehemu kubwa zaidi ya maji yote.

Kuna jingine. Kina cha maji si wingi wa maji. Ili kupata wingi, wataalamu huingia mtoni na kupima upana, kina na kasi ya maji, mara kiangazi, mara masika, kisha huandaa jedwali linalosema: kina kikiwa hivi, wingi ni huu. Lakini mchanga wa mto unahama. Mafuriko yanachimba hapa na kujaza pale. Jedwali la zamani likitumika kwenye mto uliobadilika, hata kinasa data kilicho sahihi kabisa kitatoa jibu la uongo.

Hili si la kufikirika. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Delft cha Uholanzi walichapisha utafiti kuhusu bonde la Mto Mara. Walipozichunguza takwimu za wingi wa maji waliona haziaminiki vya kutosha, hasa za Mara Mine. Waliamua kutumia kina cha maji chenyewe pamoja na umbo la mto badala ya namba za wingi zilizokuwa kwenye vitabu. Walichofanya ni kurudi kwenye kile kilichopimwa kweli.

Kirumi, Machi 2022

Wasikilizaji wengi wanakumbuka Machi 2022, maji ya Mto Mara yalipobadilika rangi eneo la Kirumi na samaki kufa. Wananchi walizuiwa kuyatumia. Kamati iliyoundwa na serikali ilieleza kwamba mabaki ya mimea na kinyesi cha mifugo viliozea kwenye ardhioevu na kumaliza oksijeni majini. Wapo walioikubali taarifa hiyo, na wapo walioendelea kuitilia shaka.

Tuangalie upande wa kipimo tu. Samaki wengi hutaabika oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita. Kamongo na kambare hustahimili zaidi kwa sababu huweza kuvuta hewa ya juu. Vipo vinasa data vya oksijeni, lakini hivyo vinahitaji kuhakikiwa mara kwa mara kuliko vya kina, kwa sababu mwani na tope hukifunika kihisio. Tena vinategemea mwinuko. Maji yenye joto la nyuzi 25 pale Dar es Salaam, pwani, hubeba oksijeni ya kama miligramu 8.2 kwa lita yakijaa. Kwenye mwinuko wa Ziwa Victoria, maji yaleyale hubeba kama 7.2. Kifaa kilichosawazishwa pwani na kuletwa Musoma bila kurekebishwa kitaanza kazi kikiwa na kosa.

Katika mzozo kama ule, mtu akisema "oksijeni ilikuwa 2", swali la kwanza ni: kifaa chako kilihakikiwa lini, na kwa nini? Mwenye jibu lililoandikwa kabla ya tukio anasikilizwa. Kuhakiki baada ya samaki kufa ni kama kuipeleka mizani kwa Wakala wa Vipimo baada ya pamba kuuzwa.

Mpaka kwenye friji ya zahanati

Vinasa data haviko mtoni peke yake. Katika friji ya chanjo ya zahanati kuna kifaa kinachoandika joto saa zote, kwa sababu chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Chanjo kadhaa, ikiwemo ya pepopunda na ya homa ya ini, huharibika zikiganda, na mama aliyebeba mtoto hawezi kuiona chanjo iliyoharibika kwa macho.

Jiwe la mizani la kipimajoto ni barafu. Barafu iliyopondwa, ikachanganywa na maji safi kidogo mpaka ikawa kama uji mzito, hukaa kwenye nyuzi 0, iwe Mugumu au Musoma. Mtaalamu anaweka humo kihisio kinachoruhusiwa kulowa, anakoroga, anasubiri dakika kadhaa. Kikisema 0, ni kizima. Kikisema 2, kinazidisha nyuzi 2, na friji kinayosema iko nyuzi 3 huenda iko 1.

Usitumie maji yanayochemka kwa jaribio hilo ukitarajia nyuzi 100. Hiyo ni kweli pwani. Kwenye miinuko ya Tarime ya kama mita 1,500, maji huchemka kwenye nyuzi kama 95. Anayelinganisha na kitu asichokijua vizuri anaweza kukitupa kifaa kizima.

Wewe unaweza kufanya nini?

Kwanza, ukiona bomba la chuma, ubao wenye namba au kisanduku kando ya mto, usikiguse na usifungie ng'ombe hapo. Ukikiona kimeanguka, kimefunikwa na mchanga au kimeng'olewa, piga picha kwa simu yako, andika tarehe na saa, mpelekee mwenyekiti wa kijiji au jumuiya ya watumia maji ili taarifa ifike bodi ya bonde. Kujua siku kifaa kilipohama kunaweza kuokoa takwimu za miezi yote iliyotangulia.

Pili, mafuriko yakipita, weka alama ya rangi au msumari kwenye mti au ukuta pale maji yalipofika, na uandike tarehe. Kinasa data kikipotea na mafuriko, alama yako ndiyo itakayobaki kuwa shahidi.

Tatu, kwenye mkutano wowote mtakaosomewa namba za maji, iwe za kisima, mto au mgodi, ulizeni: kifaa kilihakikiwa lini, kwa kulinganishwa na nini, na tofauti ilikuwa kiasi gani? Swali hilo halimtuhumu mtu. Ni lilelile unalomuuliza mnunuzi wa mahindi unapotafuta stika kwenye mizani yake, na mpimaji mwaminifu hulijibu kwa kufungua daftari.